Tumeshajaa

"Naomba kucheza na nyinyi."

Alisema hivyo hivyo nilivyomfundisha: mikono nyuma, sauti ya kusikika, neno "naomba" likitangulia. Chini ya mwembe wa jirani watoto watano walikuwa wamechutama kuzunguka mafiga ya vipande vya tofali. Juu ya mafiga kopo la rangi, ndani ya kopo mchanga uliotiwa maji, na binti wa kama miaka saba anakoroga kwa kijiti, kanga ya mama yake kaifunga kiunoni utadhani mpishi wa shughuli kweli.

Mpishi hakuinua hata uso.

"Tumeshajaa."

Kama konda wa daladala. Binti yangu, miaka minne na nusu, akageuka, akavuka njia, akaja mpaka getini nilipokuwa nimesimama. Hakulia. Aliniletea taarifa tu, kama mtu aliyetumwa dukani akakuta sukari imekwisha.

"Baba, wamejaa."

Chini ya mwembe ule wangeenea watoto ishirini.

Nimekaa na neno hilo wiki sita sasa. Nimelala nalo, nimelipeleka kazini, nimelirudisha. Mke wangu alishanichoka: "Mtoto mwenyewe kashasahau, wewe bado tu." Kweli alishasahau. Mimi sikuweza.

Kumekucha?

Jumamosi iliyofuata nilifanya kile ambacho baba mwenye haraka hufanya. Nilimshika mkono, tukavuka njia wote wawili.

"Shikamoo anko," kwa pamoja.

"Marahaba. Chezeni na mwenzenu, eh?"

"Sawa anko."

Mpishi akamtazama juu hadi chini, akampangia kazi palepale. "Wewe ndo mtoto. Mtoto mchanga. Umelala." Akaonyeshwa gunia lililotandikwa pembeni. Akalala. Nikarudi ndani najiona mtu wa maana, nikawasha kompyuta nimalizie kazi niliyobeba kutoka ofisini.

Baada ya kama robo saa nikahisi ukimya. Nikachungulia. Jiko lilikuwa limehama zamani, liko nyuma ya rundo la tofali kwa yule jirani anayejenga. Mafiga yamehama, kopo limehama, watu wote wamehama. Chini ya mwembe alibaki binti yangu peke yake juu ya gunia, macho kayafumba kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka.

Aliambiwa amelala.

Nilipomgusa bega alifungua jicho moja.

"Kumekucha?"

Biskuti na mpira

Sitakaa sana hapa maana naona aibu. Nilinunua paketi ya biskuti nikamwambia akawagawie. Urafiki ulidumu mpaka biskuti zilipokwisha, dakika saba hivi, nilihesabu. Kisha nikanunua mpira. Watoto walikuja kweli, hadi wa mtaa wa pili, wakacheza chandimu mpaka vumbi likafunika geti. Binti yangu alisimama kwenye ngazi akipiga kelele "Wangu huo! Wangu!" na kila mpira ulipomfikia aliukumbatia, mchezo ukasimama. Siku ya tatu mpira ukaingia kwenye shimo la choo linalochimbwa. Nilishukuru kimoyomoyo.

Mke wangu hakusema kitu. Alicheka tu.

Andazi

Jioni moja, katika kusomasoma, nikakutana na jaribio la wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner la mwaka 1983. Watoto wanasimuliwa kisa cha mvulana anayeitwa Maxi, aliyeweka chokoleti yake kabatini akaenda kucheza. Huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Wewe na mimi tunajua: pale alipoiacha. Mtoto wa miaka mitatu atakuambia ataitafuta pale ilipo sasa. Anachokijua yeye, anadhani dunia nzima inakijua. Kuanzia miaka minne, mitano hivi, wengi wanalishika.

Sina chokoleti, nina andazi. Mama yake aliacha andazi lake mezani chini ya kawa akaenda kuoga. Nikalichukua, nikaliweka juu ya friji, binti yangu akiniangalia na kuchekacheka.

"Mama akitoka bafuni, andazi lake atalitafuta wapi?"

"Juu ya friji."

"Kwa nini juu ya friji?"

Akaniangalia kwa huruma, kama anayeuona uvivu wangu wa kufikiri.

"Si liko huko?"

Mama akatoka, akafunua kawa, akasema "Nani kala andazi langu?" Binti yangu akashangaa kwa dhati kabisa. Juu ya friji, mama! Huoni?

Nililala nikiliwaza hilo kuliko lile la gunia. Mtoto anayeamini kila mtu anajua lilipo andazi, ataamini pia kwamba watoto wa chini ya mwembe wanajua anavyotamani kukoroga lile kopo. Wakisema wamejaa, basi wamejaa. Huyu ndiye niliyekuwa namhutubia kitandani kila usiku: "Fikiria mwenzako anajisikiaje." Nilikuwa namtuma dukani bila kumpa hela.

Ndipo nikamuuliza, bila hotuba, rafiki yake ni nani. Akamtaja mtoto tuliyekutana naye mara moja kwenye foleni ya kliniki.

"Kwa nini ni rafiki yako?"

"Ana ndala kama zangu."

Robert Selman, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kuwahoji watoto juu ya urafiki, anaeleza kwamba kwa watoto wa umri huu rafiki ni yule aliye karibu, mnayecheza naye sasa hivi, au mwenye kitu unachokipenda. Uaminifu, siri, kusubiriana, hayo yanakuja baadaye. Kwa hiyo "wewe siyo rafiki yangu tena" ya mtoto wa miaka minne si talaka. Ana maana kwamba kwa sasa hataki. Baada ya uji, mambo yanaweza kuwa mengine.

Nilipumua kidogo. Kidogo tu, maana mimi nilikuwa nayapokea maneno yale kama mtu mzima, na bado nilihisi kuna kitu sijakiona.

Fomu ya shule

Kwenye shule yake ya awali tuliletewa taarifa ya muhula. Mstari mmoja: "Anashirikiana na wenzake." Umewekewa alama ya juu kabisa. Nilimfuata mwalimu wake. Mwalimu, mama mstaarabu mwenye darasa la watoto wengi kuliko viti, akaniambia, "Baba, huyu wala hana shida. Mpole. Hasumbui."

Simlaumu. Mtaala wetu wa elimu ya awali wa 2016 uliliweka neno "kuhusiana" kati ya umahiri ambao mtoto anapaswa kujengewa, na nililipenda neno hilo. Ila ukiwa na watoto wote wale, yule anayerusha mchanga utamwona. Anayelala kwenye gunia akisubiri kukuche, utamwonea wapi? Upole wake unasomeka kama kuhusiana.

Nami nilikuwa nimeusoma hivyo hivyo, nyumbani kwangu, bila kisingizio cha wingi wa watoto.

Mfuniko

Lililonifungua macho halikutoka kwenye kitabu. Umeme ulikatika Jumapili mchana, kompyuta ikazima, nikapanda juu kuanua nguo. Kutoka kule mwembe unauona wote.

Jiko lilikuwa linawaka. Mpishi yuleyule, kanga ileile. Akaja kijana mdogo wa kaptula nyekundu, wa miaka mitano labda, simjui, nadhani alikuja kumtembelea bibi yake. Mgeni kuliko sisi. Nikaweka kikapu chini nione atakavyofukuzwa.

Hakuomba chochote. Alisimama hatua kama kumi akiwa na mfuniko wa sufuria mkononi, akatazama. Akatazama kweli, muda mrefu, mpaka nikaanza kuchoka mimi. Akasogea, akachutama pembeni, si ndani ya duara, akaanza kuchota mchanga wake na kuumwaga kwenye mfuniko wake. Anapika chake. Hakuna aliyemsemesha. Mildred Parten, aliyewatazama watoto wa shule ya awali kule Minnesota na kuchapisha alichokiona mwaka 1932, aliueleza mchezo wa namna hii: bega kwa bega, kitu kilekile, lakini kila mtu na lake. Siku zote nilidhani hiyo ni hatua ya kupita ukiwa mdogo, kisha unaiacha. Yule kijana alikuwa anaitumia kama ngazi.

Kisha akasimama, mfuniko kauweka kichwani kama sinia, akapita mbele ya jiko.

"Maji! Maji baridi! Maji!"

Mpishi, bila kuinua uso, kama kawaida yake:

"Lete mawili."

Ameingia.

Hakuna aliyesema karibu. Hakuna aliyesema tumeshajaa. Kwani wangesemaje, hakuuliza! Nilibaki nimeshika shati langu lenye unyevu, nacheka peke yangu juu ya paa.

Baadaye nikamsoma William Corsaro, mwanasosholojia aliyekaa chini na watoto wa shule za awali Marekani na Italia kwa miaka. Anasema mchezo wa watoto wadogo ni kitu chepesi kuvunjika. Wameujenga kwa shida, nusu saa nzima ya kukubaliana nani mama na nani ng'ombe, na uzoefu umewafundisha kwamba akija mtu mwingine mara nyingi unavunjika. Kwa hiyo wanaulinda. Kukataa kwao si lazima iwe roho mbaya. Na anayekuja na swali la moja kwa moja, nicheze?, anawalazimisha wausimamishe mchezo ili wamjibu. Jibu la haraka la kumwondoa ni hapana. Wanaoingia ni wale wanaotazama kwanza wakaelewa kinachoendelea, kisha wakafanya kitu kinachokaa humo humo.

Mtoto wangu nilimpa ufunguo usio wa mlango ule.

Uani

Kinachoniudhi ni kwamba hili nalijua. Nimelijua maisha yangu yote.

Nenda kwenye msiba. Ukifika, wanaume wanasimamisha turubai. Ukisimama kwa adabu ukauliza, "Jamani, naomba niwasaidie," utajibiwa kwa upole, "Ah, kaa tu ndugu yetu, pumzika." Utawekewa kiti, utakaa peke yako kama balozi. Lakini ukiishika kamba ile ncha inayopepea, ukavuta, mtu wa upande wa pili atakupigia kelele, "Vuta kwako! Kwako!" na kabla ya maji ya chai kuchemka wewe ni mtu wa pale. Kina mama ndiyo kabisa. Anayejua mambo anapita uani, kanga ya pili kiunoni, anavuta ungo anaanza kuchambua mchele. Mgeni ndiye anayepita mlango wa mbele na hodi yake.

Hodi ni adabu nzuri, siikatai, na binti yangu ataendelea kuisema. Ila hodi inakuingiza sebuleni.

Na uani ndipo alipotoka. Tulipokuwa Magomeni, nyumba ya kupanga ya vyumba sita, hakuwahi kuingia mchezo wowote kwa sababu alizaliwa ndani yake. Akiwa hajaanza kutembea vizuri alikuwa anabebwa kiunoni na mabinti wa mpangaji mwenzetu, anawekwa katikati ya kombolela, haelewi kitu, anaonwa wa kwanza kila mara, na hakuna anayemhesabu. Anacheza lakini hahesabiwi. Nadhani hiyo ndiyo shule yenyewe: miaka miwili ya kukaa katikati ya mchezo wa wakubwa bila kudaiwa chochote. Tukahamia Kinyerezi. Nyumba yetu wenyewe, geti jeusi, ukuta. Nilijivunia lile geti! Katikati ya masomo nimemhamisha mtoto, nikamfanya wa geti kali, kisha nikamkabidhi sentensi moja ya kujitetea nayo.

Mimi mwenyewe nimekaa hapa miezi minane. Pale kona kuna kijiwe cha kahawa, wazee na vijana, bao linachezwa kuanzia alasiri. Kila siku napita, "Habari za hapa?", "Nzuri, karibu," "Ahsante," na geti linafungwa.

Nini kimepungua?

Nilichofanya baada ya hapo ni kidogo mno, ndiyo maana nasita hata kukiandika. Niliacha kumfundisha maneno. Tukaanza kukaa wawili getini, kwenye viti vya plastiki, jioni, kutazama.

"Wanacheza nini?"

"Wanapika."

"Nani nani?"

"Yule mama. Yule mama mwingine. Huyu polisi." (Kwa nini kuna polisi jikoni, sijui. Hatukuuliza.)

"Nini kimepungua?"

Swali hili lilimchukua siku tatu. Mwanzo alijibu "Mimi," na ilinibidi niangalie pembeni. Kisha akasema chumvi. Siku ya nne akasema, "Wanauza lakini hakuna mtu ananunua."

Akaingia ndani ya uzio, akachuma majani ya mpera, akayapanga kama noti, makubwa elfu kumi, madogo mia tano. Akavuka njia. Nusu ya safari akasimama. Alipofika, nikamwona mikono inarudi nyuma, mdomo unafunguka, na nikajua kabisa linalokuja.

"Naomba kucheza na nyinyi."

"Tumeshajaa."

Akarudi na hela zake zote.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa alikataa hata kutoka, akataka katuni. Niliwasha katuni. Nilikuwa nimechoka, na lilikuwa limeanza kuniingia wazo jingine baya zaidi: hivi ninamfundisha nini huyu? Kwamba ili upendwe lazima uende na kitu mkononi? Kwamba mtoto wa kike asimame pembeni kwanza, asome nyuso za watu, atafute kinachopungua, akijaze? Wapo wanawake watu wazima ninaowajua ambao hawajafanya kingine maishani mwao, na wamechoka. Nilimwambia mke wangu. Alikuwa anamenya vitunguu, akaendelea kumenya.

"Yule mtoto wa mfuniko alikuwa na nini mkononi?" akaniuliza.

"Mfuniko."

"Aliwapa?"

Hakuwapa. Mfuniko ulibaki wake mpaka anaondoka. Alikuja na mchezo, hakuja na zawadi. Tofauti hiyo naiona wazi siku nyingine, siku nyingine siioni. Bado sina hakika.

Samahani

Aliingia wiki iliyopita, Jumatano, na sikumwona akiingia. Nilikuwa kazini. Dada wa kazi ndiye aliyeniambia, kama jambo la kawaida kabisa: "Yuko kule kwa kina mpishi tangu saa tisa."

Nilipofika nikakuta kilio. Binti yangu kampiga mtoto mwenzake na kijiti cha kukorogea, kichwani. Nilivuka njia kwa hatua tatu. Baba mwenye haraka alikuwa bado yumo.

"Mwambie samahani! Sasa hivi!"

"Samahani," akaitoa kama mtu anayemeza klorokwini.

Aliyepigwa alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa anamwelekeza mahali pa kumwaga maji. Aliniangalia, akamwangalia binti yangu, akasema "Haya," kisha wakainama wote wawili kwenye kopo. Walikuwa wameshapatana kabla sijafunga mlango wa gari. Aliyekuwa na hasira pale ni mimi tu. Mpishi, kinyume na kawaida yake, aliinua uso.

"Anko, unakanyaga jiko."

Kweli. Nilikuwa nimekanyaga figa moja.

Chenji

Usiku ule, nimeshazima taa, sauti ikatoka gizani.

"Baba, nilinunua wali."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Nilimpa lile jani kubwa."

"Elfu kumi yote?"

"Eeh. Hana chenji. Kasema niifuate kesho."

Akageukia ukutani. Nilidhani kashalala, mara akainuka nusu, na wasiwasi wa mtu mwenye mali nje:

"Baba, kesho wakisema wamejaa?"

Nikaanza kutafuta jibu. Hakulisubiri.

"Mimi nawadai," akasema, akalala.